Kofia Nyeusi Si Kampuni

Novemba 6

Wewe Pruett wa chuo, kama mama yako alikulea, alikulea vibaya. Mtu hampigii simu mjane akiwa na kijiko mdomoni akamuuliza mumewe ni kampuni ya nini. Tena bila salamu. Ulitaja jina na chuo tu, hukusema umezaliwa na nani, mama yako ni wa wapi, kwenu mvua imenyesha au haikunyesha. Ulianza tu kama mbwa anayebweka: "Mama, Kofia Nyeusi ni biashara ya nani? Nani mmiliki?" Nikakwambia hayakuhusu, nikakata simu. Sikukosea. Ukipiga tena nitakata tena.

Muuguzi wa kliniki kasema niandike kila siku ninachokula, kwa sababu ya sukari. Basi naandika. Leo mchuzi wa kondoo na nusu ya mkate wa kukaanga. Nusu ya pili alikula mbwa. Ukurasa unaobaki ni wangu, nitaandika nipendavyo. Shule ya bweni niliishia darasa la nne. Walinifundisha kusugua sakafu na kuwa na mwandiko mzuri. Mwandiko ninao.

Novemba 9

Dezba amepiga simu. Huyu ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Tulimlea mimi na mzee wangu tangu hajaota meno, mama yake akiwa kazini Phoenix. Anasomea uuguzi chuoni, na mpira wa kikapu ndio unaomsomesha.

"Bibi, sitacheza."

"Umeumia?"

"Hapana. Wamesema sina msimu."

"Msimu gani? Msimu hauibiwi kama kuku. Baridi ndiyo hii imeingia."

Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto, na nilimwacha kwa sababu sauti yake ilikuwa inatetemeka. Kila mchezaji wa chuo ana misimu minne tu, basi. Mitatu aliimaliza chuo cha kwanza. Ule wa tatu alicheza mechi chache, mzee akaanguka, akakatisha masomo akarudi nyumbani. Zile mechi chache zilihesabiwa msimu mzima. Hilo tulilijua, tulilimeza. Alikaa hapa akimlisha babu yake, akimnyoa, akimfunga kamba za viatu, mpaka mzee alipotutoka. Mwaka huu akahamia chuo hiki cha mjini kilicho karibu, akiwa na msimu mmoja mkononi.

Sasa chama cha michezo ya vyuo kinasema huo mmoja ameshautumia. Wapi? Hapa. Ukumbini kwetu, kwenye Mashindano ya Kofia Nyeusi. Eti mwanafunzi akikatisha masomo, halafu katika muda huo akacheza mashindano yenye waamuzi, ubao wa pointi, jezi na zawadi, msimu wake mmoja umeliwa.

Nilikaa juu ya gunia la viazi.

Mimi ndiye niliyemwambia acheze. Tangu babu yake aondoke alikuwa anakaa ndani akitazama ukuta. Nikamwambia, vaa viatu, yule mzee alikuendesha maili ngapi kwenye theluji ukacheze, hakukuendesha ili uje ukae. Mashindano yenyewe tuliyafanya kwa kumkumbuka mzee. Ila jina lake hatukuliweka. Kwetu, sisi tuliokuwa nchi hii kabla ya Wazungu, jina la aliyeondoka haliitwi ovyo, anaachwa aende zake. Tukayaita kwa kofia yake, maana toka hapa mpaka barabara kuu hakuna asiyeijua ile kofia.

Simuelewi mtu anayeweza kuita kitu hicho msimu.

Novemba 10

Baridi kavu. Viazi. Sijasema na mtu.

Novemba 13

Nimemuuliza mwanangu Leland, anayeendesha basi la shule: watu wa mjini wamejuaje mambo ya ukumbi wetu? Akaangalia viatu vyake. Leland akiangalia viatu, kuna jambo.

"Mama, usinipige."

"Una miaka hamsini. Sema."

Akatoa simu. Kumbe alirekodi fainali yote, akaitia wimbo wa ngoma za fujo, akaimwaga kwenye mtandao. Dezba anaruka, Dezba anapora mpira, Dezba anapewa jaketi la mchezaji bora na blanketi begani. Juu yake Leland ameandika: MPWA WANGU MUUAJI.

"Muuaji wa nani?"

"Wa pointi, Mama. Ndiyo lugha yao."

"Chuo pinzani wakaiona, wakatushtaki kwa chama?"

"Dunia nzima imeona. Kuna mtu wa Ufilipino kanipa pongezi."

"Basi nenda Ufilipino ukaendeshe basi."

Akacheka, halafu akaona sicheki. Amekata kuni zangu zote bila kuambiwa, na za jirani.

Novemba 20

Mechi ya kwanza. Nyumbani simu inasikika lakini picha haishiki, kwa hiyo tulikwenda nyumba ya mikutano tukatazama kwenye simu ya Leland, tumeiegemeza kwenye kopo la kahawa. Nikamtafuta Dezba kwenye jezi. Hayumo. Yuko mwisho wa benchi na suti ya mazoezi, anawagawia wenzake maji.

Nilimlea yule mtoto. Sijawahi kumwona anamgawia mtu maji huku mpira unadunda.

Kocha wao ni mwanamke wa Kizungu, Maddox, mrefu kama mlingoti wa bendera, anatafuna ubani kama mbuzi. Mchezo mzima hakumwangalia Dezba hata mara moja. Nikamwambia Leland, huyo ndiye kamuuza. Leland akasema hatujui. Nikamwambia mimi najua. Walifungwa, na nilifurahi, na sijutii.

Mchuzi wa maharage. Soda ya Leland, kidogo.

Desemba 4

Theluji ya kwanza. Nyoka wamelala, sasa hadithi za baridi zinaruhusiwa. Nimekaa na jiko. Hadithi ninazo, wa kumsimulia hayupo.

Desemba 5

Theluji. Kondoo wote wapo. Uji.

Desemba 8

Theluji. Uji.

Desemba 19

Dezba amekuja likizo. Amekonda shingoni. Hajamaliza hata kahawa, akatoka kwenda kurusha mpira kwenye ile ringi tuliyoipigilia kwenye nguzo ya zizi. Ardhi imeganda, mpira unadunda kama jiwe. Aliendelea mpaka vidole vikawa vyekundu. Kondoo wamekaa wanamtazama, ndio mashabiki aliobaki nao.

Alipoingia nikamuuliza yatakayotokea. Akasema asipocheza msimu huu, ufadhili wa mwakani hautolewi, na amebakiza mwaka mmoja tu awe muuguzi.

"Umewaendea? Umewaambia?"

"Kuna rufaa. Kocha ameiandika."

"Kocha yule wa ubani? Nenda mwenyewe. Piga meza."

"Acha, Bibi."

"Waambie ule ulikuwa mchezo wetu wa nyumbani."

"Bibi, nimesema acha."

Hajawahi kuniambia hivyo. Nilishikwa na mshangao, nao ukageuka hasira, kama kawaida yangu. Nikamwambia jina alilopewa ni la mwanamke aendaye vitani, na kama angekuwa mwoga tungemtafutia jina la sungura. Akaosha vyombo, akakausha, akavipanga, hata vile visivyo vyangu.

Januari 3

Amerudi chuoni. Hakuniaga vizuri. Kosa lake. Uji wa mahindi ya buluu.

Januari 9

Upepo. Nimefuma kidogo, nimefumua yote.

Januari 17

Leo sijui nianzie wapi.

Theluji inayeyuka, barabara yote tope. Asubuhi mbwa akabweka, nikachungulia. Nje amesimama mlingoti wa bendera. Kocha Maddox, peke yake, tope mpaka magotini. Gari lake lilizama kwenye bonde la mchanga, akaja kwa miguu.

Hakugonga mlango. Wazungu wote hugonga kama polisi. Huyu alisimama mbali kidogo akingoja aonekane, kama mtu wa kwetu. Nikasema, tuone atachoka lini. Mbwa ndiye aliyechoka kwanza. Nikafungua.

Akaingia, akakaa nilipomwonyesha, akashika kikombe cha kahawa, akanyamaza. Sikumsaidia. Nilikwenda kwenye kitanda changu cha kufumia nikafuma mstari mzima, nikaupiga ukakaza, nikaanza wa pili. Yeye kimya. Hatafuni ubani. Maishani mwangu sijaona Mzungu anayeweza kukaa na mdomo wake ukiwa umefungwa muda huo wote. Mwishowe mimi ndiye niliyeshindwa.

"Umekuja kusema nini?"

"Nimekuja kusikiliza, Bibi Attakai. Kusema nimesema sana, haikusaidia."

"Nani kakufundisha kusimama pale nje?"

"Dezba. Alisema nikigonga, utamwachilia mbwa."

"Ningemwachilia."

"Ndiyo, alisema."

Nikamuuliza kwa nini kwenye mechi hamtazami mtoto wangu. Akashusha kikombe. Akasema, "Nikimtazama nitalia mbele ya timu. Ndiyo maana natafuna."

Halafu akanieleza kilichopo. Chama kiliona ile video. Jina la Kofia Nyeusi halikuwaambia kitu, wakadhani ni kampuni inayotoa zawadi na kuwalipa wachezaji. Pruett, anayesimamia kanuni za michezo chuoni, akaambiwa aulize. Akamuuliza Dezba mara tatu: Kofia Nyeusi ni nani? Dezba akasema hawezi kusema. Akampigia simu mzee wa familia. Mzee akasema hayakuhusu, akakata.

"Mzee gani?" nikauliza, kama mjinga.

Alinitazama tu kwa huruma, na huruma ya mtu mwenye tope magotini inachoma.

Mimi. Niliikata simu nikajiona mshindi, nikaandika humu kwa mwandiko wangu mzuri kwamba sikukosea. Pruett hakuwa na la kuwapelekea ila kimya changu. Nao wakakisoma kimya kama Wazungu wanavyokisoma, kwamba mtu anayenyamaza ana anachoficha.

Nikamuuliza, na Dezba naye kanyamaza kwa nini, yeye msomi, anajua kanuni zao.

"Neno langu halitoshi, wanataka la familia, nikamwomba aandike mstari mmoja tu," Maddox akasema. "Kwamba ni babu yake, jina lake fulani, kafariki. Akaniambia: siwezi kumtumia babu yangu kununulia mchezo."

Mstari nilioufuma ulikuwa umekwenda kombo wote. Nimemwita sungura. Mtoto amebeba jambo zito kuliko miaka yake, wote wanamsukuma, hakuliangusha, na mimi niliyemtwisha nikamwita sungura.

Maddox alisema hakuja kuniomba niseme. Rufaa itasikilizwa mwezi ujao na wanaweza kunisikiliza kama nikitaka, nisipotaka hatanilaumu, atamtafutia Dezba njia nyingine ya kusoma, ingawa hana hakika ipo. Akala mchuzi, akaomba tena. Leland akaja na mnyororo akavuta gari. "Kocha, ukihama chuo, njoo tukupe kazi ya nguzo ya umeme," akamwambia. Yule mwanamke akacheka mpaka akashika mlango.

Sijaandika nilichokula. Sikumbuki.

Januari 18

Nimempigia Dezba.

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Wewe ulinyamaza, Bibi."

"Mimi ni mzee. Nina ruhusa ya kuwa mkaidi."

"Wewe ndiye uliyenifundisha. Au ulinifundisha nusu?"

Nikamwambia avae soksi nzito. Akasema amevaa.

Januari 26

Tumegombana na Leland.

"Siku hizi watu wanataja, Mama. Wanachapa majina ya marehemu wao mpaka kwenye fulana."

"Watu ni watu. Mimi si fulana."

"Basi nitalitaja mimi."

"Wewe umeshasema ya kutosha kwa simu yako. Wanamtaka mjane."

"Na wewe hutaki."

"Sijasema sitaki."

Akaacha kucheka. Akasema polepole, "Mama, usifanye jambo ambalo baadaye utalala nalo peke yako." Sikujua Leland ana maneno kama hayo. Nilidhani mdomo wake ni wa utani tu na kula.

Nimefikiri sana. Yule mzee alikuwa akisimama pembeni mwa uwanja, mikono mfukoni, hapigi kelele hata mtoto akifunga kikapu cha ushindi. Njiani wakirudi anamwambia neno moja tu: vizuri. Dezba alikuwa tayari kufa kwa ajili ya neno hilo. Angekuwapo hapa angesema, mwanamke, mimi nina njia yangu ya kwenda, lakini mpishe mtoto apite kwanza. Au labda mimi ndiye ninayesema nikimsingizia. Marehemu hana wa kumtetea.

Mimi nitakwenda kusema.

Februari 6

Nyumba ya mikutano, saa za mchana. Leland aliweka kompyuta juu ya meza ya bingo. Ndani yake vichwa vya watu kwenye visanduku, kama mayai kwenye trei. Watatu wa jopo, mwenyekiti wao mwanamke wa miwani. Maddox. Dezba kwenye kisanduku chake, amesuka nywele, hatabasamu. Na Pruett, ambaye nilidhani ni mzee wa kitambi. Kumbe ni kijana mwembamba, masikio makubwa.

Kabla hawajaanza, Pruett akasema, "Bibi, mimi naitwa Warren Pruett. Mama yangu ni wa Nebraska. Kwetu mwaka huu theluji imekuwa haba." Nikajua Dezba kamfundisha na huyu. Nikamwambia asante, mwanangu. Lilinitoka tu.

Mwenyekiti akauliza mmiliki wa Kofia Nyeusi ni nani.

"Kofia Nyeusi si kampuni," nikasema. "Ni kofia. Ilikuwa ya mume wangu. Imekwenda naye."

"Na zawadi zilitolewa na nani? Kuna mablanketi, majaketi."

"Mablanketi mawili nilifuma mimi. Mengine ya dada zangu. Majaketi wanangu walichanga. Kwetu mfiwa ndiye anayetoa. Kwani kwenu ndiye anayepewa?"

Mwanaume mmoja akakohoa. Akauliza kama waamuzi walilipwa.

"Walikula."

"Walikula nini?"

"Kondoo. Unataka sehemu gani?"

Nikamwona Dezba akiuma mdomo. Mwenyekiti akauliza kwa nini basi hatukueleza tangu mwanzo. Nikamwambia kwa sababu kijana huyu aliniuliza mume wangu ni wa nani, na kwa sababu kwetu tukishamuaga mtu hatumkamati mguu kwa kumwita. Mtoto huyu amelishika hilo kuliko ninyi mnavyoshika kanuni zenu. Mmemwona ana siri. Hana siri. Ana adabu.

Halafu yule mama wa miwani, kwa upole, sitamsingizia, akasema lazima jopo lipate jina lake kwa ajili ya kumbukumbu, walilinganishe na hati ya kifo.

Leland akashika mgongo wa kiti changu. Dezba akasema, "Bibi, si lazima." Nikamwambia vaa soksi.

Nikalitaja. Hapa siliandiki. Lilitoka kavu, la kigeni, kama si mimi niliyelala karibu nalo miaka yote ile.

Mwenyekiti akainamisha sikio. "Samahani sana, mama. Mtandao ulikwama. Unaweza kurudia?"

Sijawahi kupigwa na radi, lakini waliopigwa wanasema kwanza husikii kitu. Sikusikia kitu. Niliona mdomo wa Dezba ukifunguka, mikono ya Maddox ikifunika uso. Nilikuwa nimeshavuta pumzi nirudie, maana ukishavuka mto nusu hurudi.

"Mimi nimelisikia," Pruett akasema. Alikuwa amevua visikilizio vya masikioni, ameinamisha kichwa. "Nitaapa kwamba nimelisikia. Asirudie."

"Bwana Pruett, utaratibu..."

"Asirudie, tafadhali."

Wakaliacha.

Februari 7

Hakuna.

Februari 9

Upepo wa mchanga. Leland kaleta nyama. Sikupika.

Februari 13

Hakuna. Muuguzi kaniuliza mbona siandiki chakula. Nikamwambia siandiki ambacho hakipo.

Februari 14

Dezba amepiga simu akilia, nikajua tumeshindwa, nikaanza kuwatukana wote watatu kwa mpangilio. Akanikatiza.

"Bibi, nyamaza kidogo. Wamekubali."

Wamesema mchezo wetu haukuwa mashindano ya kuhesabiwa. Msimu ni wake. Ule uliobaki, maana mechi nyingi zimeshapita na hawazirudishi. Mechi chache za mwisho. Nikamwambia chache si hakuna. Akasema anajua. Akasema ufadhili wa mwakani Maddox ameshauombea. Halafu tukakaa kwenye simu hatusemi kitu, na kimya hicho hakuna aliyekisoma vibaya.

Februari 22

Tumekwenda mjini. Leland aliazima basi la kanisa, likajaa: dada zangu, watoto wao, wajukuu, mpaka mzee mmoja asiye wa kwetu aliyedhani tunakwenda sokoni. Ukumbini tukachukua safu nzima, na mkate wa kukaanga ukapita mkono kwa mkono mbele ya askari anayekataza vyakula.

Dezba aliingia robo ya tatu. Mtupo wake wa kwanza haukugusa hata nyavu. Watu wa upande wa pili wakaimba. Leland akajifunika uso na skafu. Wa pili ukagonga ringi ukatoka. Amepungukiwa pumzi, miguu mizito, ni mtu aliyekaa benchi baridi nzima. Nilitaka kusimama nimkemee, dada yangu akanishika sketi.

Halafu akamvizia msichana mmoja mkubwa mara mbili yake, akampora mpira chini ya mkono kama anayeiba yai chini ya kuku, akakimbia peke yake, akaweka. Safu yetu nzima ilisimama. Mzee wa sokoni alisimama.

Walifungwa. Pointi mbili. Alitoka jasho linamtiririka, anacheka kama alivyokuwa akicheka na meno mawili.

"Umeonaje, Bibi?"

"Mkono wa kushoto umeusahau nyumbani?"

Akasubiri. Nikamwambia: vizuri. Akanikumbatia, akanilowesha blauzi yote.

Mlangoni Pruett alikuwa ananingoja. Alitoa mkono vizuri, kwa kugusa tu, bila kuuminya. Akasema kuna jambo, na asiponiambia sitalijua maisha yangu yote, na ndiyo sababu ananiambia. Vikao vya rufaa hurekodiwa. Chama huhifadhi sauti miaka na miaka. Mtandao ulikwama upande wa mwenyekiti tu. Kwenye mashine jina lipo, limetoka wazi, kwa sauti yangu.

Nikamvuta pembeni.

"Mtu akibonyeza?"

"Itasema, Bibi."

"Akibonyeza tena?"

"Itasema tena."

Nilidhani nimelisema mara moja. Kumbe nimelisema mara zisizo na mwisho, mahali nisipopajua, mbele ya yeyote mwenye kidole. Nimemfungia mzee wangu ndani ya sanduku lenye kitufe cha kumwitia. Mtu anayeitwa na kuitwa, ataendaje?

Pruett akasema kufutwa kunawezekana kama familia ikidai na chuo kikiunga mkono, na yeye ataunga mkono. Akasema pia huenda kazi yake ikaingia matatani, lakini hilo nisilifikirie. Nalifikiria.

Februari 23

Mawingu kusini. Nimekula yai moja na uji.

Leland asubuhi hii anazungukazunguka. Eti Mama, tungoje msimu wa mpira uishe, tusiwakasirishe. Eti wana sera zao. Nimemwambia sera yao ilimla mtoto baridi nzima, na mtoto sasa yuko uwanjani, hawana tena cha kutushikia. Deni lililobaki ni la kwangu kwa mtu ambaye hawezi kudai.

Basi sikiliza, Leland, naandika ili usiseme hukusikia. Kesho alfajiri washa gari. Mpitie Dezba baada ya mazoezi, kabla hajaoga kama ni lazima. Nendeni kwa Pruett, msalimie kwanza, muulize mama yake anaendeleaje. Mchukueni mwende naye mpaka kwa watu wa chama, kwenye mashine yenyewe. Dezba ndiye adai, kwa mdomo wake, maana ni yeye aliyenyamaza vizuri kuliko sisi sote. Wafute mbele ya macho yenu. Msikubali karatasi inayosema wamefuta, wala ahadi, wala kesho. Wakikataa, kaeni hapo hapo mpaka nifike na dada zangu wote na mikate.

Na waambie wafute bila kuisikiliza kwanza. Akitokea wa kubonyeza, Dezba azibe masikio, na wewe uchomoe waya.